Septemba 13, 1999 kwenye Blu-ray: toleo lipi la Space: 1999 linunuliwe

Jumatatu ya tarehe 13 Septemba 1999, kwa mujibu wa mfululizo wa televisheni wa kubuni, Space: 1999, taka za nyuklia zilizorundikwa Mwezini zililipuka, Mwezi ukang'oka kwenye mzingo wake na kutokomea angani pamoja na watu 311 wa kituo cha Alpha. Mfululizo wenyewe ulianza kurushwa Uingereza tarehe 4 Septemba 1975, miaka 24 kabla ya siku hiyo. Siku halisi ilipita salama salimini, Mwezi ukabaki palepale, lakini mashabiki wake hawajaiacha. Kila Septemba 13 ikifika wanairudia sehemu ya kwanza, "Breakaway", wengine kwa kopi iliyochoka mpaka nyuso hazitambuliki.

Hukumu tuitoe mapema. Kama unautaka mfululizo huu kwa sababu ya siku hiyo, nunua Msimu wa 1 kwenye diski za Blu-ray, zenye picha kali kuliko DVD, na kwa mtu wa Afrika Mashariki toleo la Uingereza ndilo linalofaa zaidi. Msimu wa 2 si wa kukimbilia. Boksi la Marekani lenye misimu yote miwili ni zuri, ila lina mtego ambao wengi huugundua diski ikiwa tayari ndani ya deki.

Tuanze na picha, maana ndipo pesa yako inapokwenda. Space: 1999 ilipigwa kwa filamu ya milimita 35 katika studio za Pinewood, na kazi ya vielelezo vya anga ilifanyika studio za Bray chini ya Brian Johnson. Wakati ule, njia ya kawaida ya kuunganisha chombo cha anga na nyota ilikuwa kupiga kila kimoja peke yake, kisha kunakili vyote kwenye filamu mpya. Kila ukinakili, chembe za filamu zinaongezeka na picha inafifia. Johnson aliikwepa njia hiyo kadiri alivyoweza. Alipiga modeli, akarudisha filamu nyuma ndani ya kamera, akafunika sehemu iliyokwisha kupigwa, akapiga nyota juu ya filamu ileile, na kama kuna sayari akarudisha tena. Ukikosea mara moja tu, kazi yote imeharibika na unaanza upya. Faida yake ni kwamba picha ya chombo kinachotua iko kwenye negativu ya kwanza kabisa, sawa na sura ya mwigizaji. Ndiyo maana mfululizo huu unapopandishwa kiwango unang'aa kuliko nyingi za rika lake, ambazo ukitazama unaona ghafla picha inachafuka kila chombo kinapotokea.

Kwenye "Breakaway" jambo hili linaonekana tangu dakika za mwanzo. Chombo cha Eagle kinaposhuka kwenye jukwaa la kutulia, unaweza kuhesabu mabomba ya fremu yake, unaona masizi yaliyopakwa kwa brashi pembeni mwa injini, na vumbi linaruka kwa sababu modeli ilifungwa mirija ya gesi inayopuliza kuelekea chini. Modeli kubwa ya Eagle ilikuwa na urefu wa inchi 44, yaani sentimita 112 hivi, na ukubwa huo ndio unaofanya vumbi lisionekane kama unga wa ngano. Kasoro nazo zinajitokeza. Waya zilizoning'iniza vyombo, ambazo kwenye TV ya chogo hazikuonekana kabisa, sasa zinachungulia hapa na pale. Hilo si kosa la diski. Kampuni iliyosafisha filamu ingeweza kuzifuta, haikufanya hivyo, na ni afadhali hivyo.

Sasa mtego wenyewe. Blu-ray zimegawanywa katika kanda tatu za kijiografia. Kanda A ni Marekani, Japani na jirani zao. Kanda B ni Ulaya, Afrika yote, Mashariki ya Kati na Australia. Kanda C ni China, India na Urusi. Toleo la Uingereza lilitolewa na kampuni ya Network, Msimu wa 1 mwaka 2010 na Msimu wa 2 mwaka 2015, nalo ni la kanda B. Boksi la Marekani la Shout! Factory, lililotoka Julai 2019, mwezi uleule Apollo 11 ilipotimiza miaka 50, ni la kanda A. Deki ya Blu-ray iliyonunuliwa kihalali Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Dubai inapaswa kuwa ya kanda B, kwa hiyo diski ya Marekani itaingia, itazunguka, kisha utaletewa ujumbe kwamba diski hairuhusiwi. Deki iliyoletwa moja kwa moja kutoka China au India ni kanda C, hiyo itakataa zote mbili. Geuza deki uangalie kibandiko cha nyuma: kuna alama ndogo ya dunia yenye herufi ndani yake. Fanya hivyo kabla ya kuagiza chochote.

Watu hujifariji kwa uzoefu wa DVD, kwamba deki zote huwa zimefunguliwa. Kwa DVD ni kweli kwa kiasi kikubwa. Sisi tumo kanda ya 5 lakini deki nyingi za bei rahisi madukani hazijali. Blu-ray haiendi hivyo. Deki chache tu hufunguka kwa namba za siri za rimoti, nyingine zinahitaji kubadilishwa kifaa cha ndani. Na usidanganywe kuagiza deki kutoka Marekani ili ikidhi diski za Marekani bila kusoma nyuma yake: nyingi ni za volti 110 hadi 120 peke yake. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, pawasaplai inakufa siku hiyohiyo, na kibadilisha plagi hakipunguzi volti. Unahitaji transfoma ya kushusha, na ukijumlisha bei yake na usafiri wa deki, toleo la Uingereza linakuwa rahisi zaidi.

Tatizo la toleo la Uingereza ni kwamba Network ilifunga shughuli mwaka 2023. Kinachouzwa sasa ni mabaki ya stoo au mitumba. Kwa mitumba, muulize muuzaji akupigie picha upande wa chini wa kila diski chini ya taa. Tabaka lenye data kwenye Blu-ray liko milimita 0.1 tu kutoka kwenye uso huo wa chini, wakati kwenye DVD liko milimita 0.6. Blu-ray imepakwa ngao ngumu dhidi ya mikwaruzo midogo, lakini mkwaruzo uliopenya ngao hiyo umeshafika kwenye data na hauna tiba. Zile mashine za kusugua DVD zisiiguse, na dawa ya meno ndiyo kabisa. Angalia pia tundu la katikati. Boksi zenye diski nyingi hubana sana, na mtu anayechomoa kwa haraka huacha ufa mwembamba ambao utaongezeka kila diski inapozunguka kwa kasi.

Ukishakuwa nayo, rekebisha mambo mawili matatu kwenye TV. Mfululizo ulipigwa kwa umbo la 4:3. Kwenye Blu-ray picha inachukua upana wa pikseli 1440 kati ya 1920, na pande zote mbili kuna ukanda mweusi wa pikseli 240. Huo ni mpangilio sahihi. Mwenye kuchukia weusi huo na kubonyeza "zoom" anakata juu na chini, na mfululizo huu unapenda maandishi na skrini za kompyuta, kwa hiyo utapoteza vitu vya maana. Kwenye DVD kosa huwa la aina nyingine: TV inavuta picha mpaka ijaze kioo, na Mwezi unakuwa yai. Weka deki itambue TV kuwa ya 16:9, kisha upande wa TV chagua ukubwa wa asili.

Halafu zima kile kitendaji cha kulainisha mwendo, ambacho kila kampuni ya TV imekibatiza jina lake na kwa kawaida kimefichwa ndani ya menyu ya picha. Kinatunga picha za katikati ambazo hazikupigwa, na modeli iliyopigwa kwa mwendo wa taratibu ili ionekane nzito inageuka kuwa mdoli unaoteleza. Kwa sauti, kama huna spika tano za kuzunguka sebule, chagua mono ya asili, yaani sauti ya mkondo mmoja. Mchanganyiko mpya wa 5.1 ukilazimishwa kupita kwenye spika mbili nyembamba za TV, muziki wa Barry Gray unapanda na mazungumzo yanazama, na "Breakaway" ni sehemu ya maneno mengi. Tafsiri ya Kiswahili haipo popote, usiitafute.

Kuhusu sehemu yenyewe. Inaanza tarehe 9 Septemba 1999, siku nne kabla ya mlipuko, na maandishi kwenye skrini yanasema tuko upande wa giza wa Mwezi. Hapo tayari pana kosa: upande wa mbali wa Mwezi hupata jua sawasawa na huu tunaouona, ila tu haugeuki kututazama. Wafanyakazi wanaolinda taka wanashikwa na wazimu na kufa. Kamanda mpya, John Koenig, anayeigizwa na Martin Landau, anawasili na kukuta mtangulizi wake amekuwa akificha mambo ili safari ya kwenda sayari ya Meta isiahirishwe. Daktari Helena Russell, aliyeigizwa na Barbara Bain, mke wa Landau wakati ule, anakataa maelezo rasmi kwamba ni mionzi. Profesa Bergman wa Barry Morse anagundua kwamba kinachopanda ni nguvu ya sumaku. Eneo la kwanza la taka linaungua. La pili ni kubwa zaidi. Wanajaribu kuyatawanya mapipa kwa kuyanyanyua na Eagle moja baada ya nyingine, muda hautoshi.

Tarehe 13 yenyewe huipati kwa mshangao, kwa sababu wimbo wa ufunguzi unaionyesha kwa herufi kubwa kabla hadithi haijafika huko, ikifuatana na mlipuko na vipande vya haraka vya sehemu unayokwenda kutazama. Kwa mfululizo wa kila wiki ni ufunguzi uliokamilika, unakukumbusha chanzo cha yote kwa sekunde chache. Kwa sehemu ya kwanza unakuvujia siri. Hata hivyo "Breakaway" inasimama, kwa sababu swali lake halikuwa kama taka zitalipuka. Linakaa kwenye tukio moja karibu na mwisho: Koenig anaiuliza kompyuta kama warudi Duniani au wabaki, na skrini inajibu kwamba unahitajika uamuzi wa binadamu. Anaamua wabaki. Landau anacheza hapo kwa sauti ya chini na uso uliokauka, na ndiyo picha ya kusimamisha ukitaka kupima ubora wa diski yako: herufi za skrini ziwe na kingo safi, na ngozi isiwe kama nta. Ikiwa kama nta, basi TV yako inapunguza chembe. Zima na hiyo.

Sehemu hii ilikaribia kuharibika kabla haijatoka. Mwongozaji Lee H. Katzin alipangiwa siku 10 za kupiga, akazidisha kwa wiki mbili na zaidi, na kazi ya kwanza aliyoileta ilikuwa ya saa mbili. Gerry Anderson, mtayarishaji, aliandika upya baadhi ya matukio, yakapigwa tena, kisha kila kitu kikabanwa kwenye chini ya saa moja. Ukijua hivyo utaona mishono: watu wanatamka tarehe na takwimu kwa haraka kama wanaosoma ripoti.

Je, siku hiyo ingewezekana? Mwezi una uzito wa kilo 735 zikifuatiwa na sufuri ishirini, na unaizunguka Dunia kwa kilomita 1.02 kwa sekunde. Kuuachanisha na Dunia unatakiwa kuufikisha kilomita 1.44 kwa sekunde. Nyongeza inaonekana ndogo, lakini ukiipigia hesabu ya nishati inatoka sawa na mabomu takriban bilioni 180 ya ukubwa wa lile la Wasovieti la mwaka 1961, la megatoni 50, tena kwa sharti kwamba nguvu yote iende kwenye msukumo. Na hapo umeuachanisha na Dunia tu. Bado utaendelea kulizunguka Jua jirani na sisi. Kulikimbia Jua kunadai nyongeza ya kilomita kama 12.3 kwa sekunde, na nishati hiyo ni makumi ya mara ya ile inayotosha kuusambaratisha Mwezi wote kuwa changarawe. Upande nao haukuchaguliwa vizuri: mlipuko ulioko upande wa mbali ungeusukuma Mwezi kuelekea kwetu. Taka za nyuklia zenyewe huwa na joto na sumu, hazilipuki kama bomu kwa kurundikwa tu. Yote haya yalisemwa tangu 1975, na mwandishi wa hadithi za kisayansi Isaac Asimov alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Kwa mtazamaji wa leo si sababu ya kuacha kununua, ila asije akamwambia mtoto kuwa ni somo la fizikia.

Kinachowaudhi zaidi wanaoujua mfululizo huu ni kalenda baada ya siku ile. Septemba 13 ni nguzo imara, na watunzi hawakuwa na haja ya zaidi ya kuhesabu siku kutoka hapo. Walishindwa. Katika "Dragon's Domain", ya Msimu wa 1, Helena anasema zimepita siku 877 tangu waache mzingo wa Dunia. Hesabu kwenye kalenda: tarehe 6 Februari 2002. Kisha Msimu wa 2 unafunguliwa na "The Metamorph", na ripoti ya Helena inataja siku 342, yaani 20 Agosti 2000. Msimu unaofuata umeanza mwaka mmoja na nusu kabla ya ule uliotangulia kuisha. Mavazi yamebadilika, chumba cha uongozi kimebadilika, Bergman hayupo na hakuna anayemuulizia. Hata ukizichukua siku 342 zenyewe, nuru haiwezi kusafiri mwaka mmoja wa nuru kwa muda huo, na nyota jirani kabisa iko miaka 4.2 ya nuru. Msimu wa 1 ulijitetea kidogo kwa "Black Sun", ambamo Mwezi unapita ndani ya jua jeusi na kutokea mbali sana. "Journey to Where" inavuruga zaidi: Alpha inapata mawasiliano na Dunia ya mwaka 2120, kisha Koenig na wenzake wanatupwa Uskoti ya 1339.

Ukitaka kutazama kwa mpangilio unaoshikika, usifuate disc kwa disc bila kufikiri. Tazama "Breakaway", kisha iwahi "Earthbound" mapema. Kamishna Simmonds, aliyekuja kukagua na kunaswa Mwezini siku ya mlipuko, anaonekana katika sehemu hizo mbili peke yake, na zikitenganishwa sana unabaki unajiuliza amejificha chumba gani. "Dragon's Domain" iweke mwishoni mwa Msimu wa 1. Ni miongoni mwa zilizo bora kabisa. Za Msimu wa 2 zisome tu kama hadithi zisizo na tarehe.

Msimu huo wa pili ulikabidhiwa kwa mtayarishaji Fred Freiberger kutoka Marekani, muziki ukaenda kwa Derek Wadsworth, na akaongezwa Maya, wa Catherine Schell, anayeweza kujigeuza mnyama yeyote. Schell ni mzuri kuliko maandishi aliyopewa. Lakini ile hali ya watu waliopotea na wasiojua kwa nini, iliyozaliwa Septemba 13, imeondolewa na mahali pake yakaja madude ya mpira. Mwenye boksi la Marekani anapata misimu yote, sehemu 48, na mahojiano mapya akiwemo Bain. Kama una deki ya kanda A ni ununuzi wa haki. Asiye nayo asijisumbue kwa ajili ya Msimu wa 2.

Nyongeza moja inafaa kuulizwa kabla ya kulipa: "Message from Moonbase Alpha", filamu fupi iliyoandikwa na Johnny Byrne, mmoja wa waandishi wa awali, ambamo Zienia Merton anarudi kama Sandra Benes na kutuma ujumbe wa mwisho kutoka Alpha kabla haijahamwa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles, kwenye mkusanyiko wa mashabiki, tarehe 13 Septemba 1999 yenyewe. Baadhi ya matoleo ya DVD yanayo, kwa hiyo soma orodha iliyo nyuma ya kava usimwamini muuzaji. Ni ya dakika chache, imepigwa kwa pesa ndogo, na inaukamilisha mfululizo ambao haukupewa sehemu ya mwisho.